Wosia wa Mashine ya Maji

Mamlaka ya Maji inapenda kuutangazia umma kwamba hitilafu ya siku ya Jumatano, iliyowafanya wateja wote washindwe kununua maji kuanzia asubuhi hadi alasiri, haikutokana na udhaifu wowote wa mfumo. Uchunguzi wa kina umebaini kuwa mtumishi mmoja wa usafi, kwa uzembe wake, alichomoa waya wa umeme wa mtambo mkuu ili achomeke kifaa chake. Mfumo wa Mamlaka ni imara. Hatua za kinidhamu zimeanza kuchukuliwa dhidi ya mtumishi huyo, na wateja wanahakikishiwa kwamba jambo hili halitajirudia.

Tangazo hilo lilisomwa redioni, likabandikwa langoni, likatumwa kwenye simu ya kila mwenye mita. Uchunguzi wa kina uliotajwa humo ulifanywa na Mkuu wa Tehama, bwana mwenye suti tatu na kauli moja. Alishuka ngazi kutoka ghorofa ya tatu hadi ya kwanza, akatazama picha za kamera ya korido, akapanda tena. Kamera ilikuwa imemwonyesha mfagiaji akiingia chumba cha mitambo na ndoo, kisha akitoka na ndoo ile ile. Katikati ya kuingia na kutoka, mashine ikaanguka. Kwa hesabu za namna hiyo hata jogoo huamini kwamba yeye ndiye anayeliamsha jua. Isitoshe, mashine ilikuwa imejiwasha upya yenyewe, na kwa Mkuu, kitu kinachojiwasha upya ni kitu kilichokatikiwa umeme. Alikuwa na jokofu nyumbani. Alikuwa ameona linavyofanya.

Hadithi yenyewe haikuwa ngeni. Kila ofisi iliyowahi kumiliki kompyuta ina mfagiaji wake aliyechomoa waya, kama vile kila ukoo una mjomba aliyewahi kukutana na jini. Hakuna aliyekuwepo, ila wote wanaisimulia vizuri. Mkuu aliichukua tu mahali ilipokuwa imelala, akaivisha mtu wa karibu.

Mtu huyo wa karibu jengo zima lilimwita Shangazi, kuanzia walinzi hadi wakurugenzi, ingawa hakuwa na mpwa hata mmoja mle ndani. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye mdomo uliokwenda kasi kuliko fagio lake. Tangazo halikumtaja jina. Halikuhitaji, ghorofa ya kwanza ilikuwa na mfagiaji mmoja. Jioni ile ile, mtaani kwao, ambako watu walikuwa wameshinda na ndoo tupu, jirani aliyezoea kumshikia nafasi kwenye bomba la pamoja alimtazama yeye, akaitazama ndoo yake, akamwambia asubiri wasiochomoa nyaya wamalize kwanza. Foleni ikacheka. Shangazi, ambaye kwa kawaida angeijibu foleni nzima mtu mmoja mmoja, alirudi ndani na ndoo yake.

Mwanamke mwingine ndiye aliyekasirika kuliko wote. Huyu alikuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha, kando ya ngazi, feni moja na kiti chenye mguu uliofungwa kwa waya. Alikuwa na sauti ndogo. Kazi yake ilikuwa kueleza kwa nini mashine zimekufa.

Ni kazi isiyojulikana sana, kwa hiyo inafaa ielezwe. Kila kompyuta ina kiini, ile programu ya ndani kabisa inayoamua nani apewe nafasi, nani asubiri na nani afukuzwe. Programu nyingine ikikosea, hufa peke yake na kazi zikaendelea. Kiini kikikosea hakuna aliye juu yake wa kukihukumu, kwa hiyo hujihukumu chenyewe. Husimamisha kila kitu, humwaga diskini yote yaliyokuwa kwenye kumbukumbu dakika ile, kisha huiwasha mashine upya. Kwa maana hiyo kiini kina uungwana kuliko ofisi nyingi. Hilo faili la mwisho ni kubwa na halisomeki kwa macho matupu. Katika jengo lile liliitwa maiti, na mwenye kulifungua akaitwa Mpasuaji. Alipewa jina hilo kwa mzaha, likamkaa vizuri kuliko la kwenye cheti chake.

Mpasuaji alikuwa na desturi yake ambayo hakuivunja hata siku moja: maiti haipasuliwi palipoangukia. Kwanza hunakiliwa, nakala hupelekwa kwenye mashine ya pembeni, ndipo kisu kinatolewa. Jumatano ile, simu za huduma kwa wateja zikilia zote kwa pamoja na wateja wakiwauliza mabinti wa pale kama wao huoga kwa mate, yeye alinakili kwanza. Alitukanwa na watu wawili wa ghorofa ya juu kwa kuchelewa. Alinakili. Kisha akarudisha mauzo, akaoanisha hesabu za tokeni zilizokuwa zimekatikia njiani, na alasiri mji ukanywa.

Tangazo alilisikia akiwa jikoni kwake, anaosha vyombo. Mumewe, ambaye ni mtu mwenye akili, alinyamaza. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchele, na yeye hajawahi kunyamaza kwa sababu hiyo.

“Hivi mke wa mwanangu,” aliuliza, “hizo sufuria zimekukosea nini?”

Akajibiwa kwamba sufuria hazijakosea kitu, mkosaji yuko redioni. Ikabidi aelezwe yote, na kiini, na maiti, na waya. Alisikiliza huku akitupa vijiwe dirishani. Mwisho akasema kwamba kama ameelewa, mashine imekufa, imeacha wosia, na badala ya kuufungua wameshikana na aliyekuja kudeki. Mpasuaji akakubali kwamba ndivyo.

“Basi ufunguliwe. Wosia usiposomwa, wenye kelele ndio hurithi.” Akarudi kwenye mchele wake. “Na punguza kusugua. Hiyo ya kulia ni yangu, nilikuja nayo.”

Alhamisi asubuhi Shangazi aliingia chumba kisicho na dirisha, akafunga mlango kwa kisigino, akaweka karatasi mezani. Ofisi ya Utumishi ilikuwa imemwandalia barua ya kukiri. Akiisaini, atakuwa amekubali uzembe na kuomba radhi, atapewa onyo kali na kuendelea na kazi. Asiposaini, atakwenda mbele ya Kamati ya Nidhamu siku ya Jumanne, na pendekezo lililokwisha kuandikwa ni kufukuzwa. Waliomletea walimweleza kwa upole mwingi, kama watu wanaomsaidia kuchagua kitambaa cha gauni.

Hakukaa. Alisimama na dekio mkononi, na safari hii mdomo wake ulikwenda polepole.

“Mwanangu, niambie kweli. Wamelisema mpaka nimeanza kuuona huo waya mkononi mwangu. Nilichomoa?”

“Hukuchomoa, Shangazi.”

“Unajuaje, na hukuwepo?”

Mpasuaji alimweleza. Anayekatikiwa umeme hapati muda wa kuaga. Waya ungechomolewa, mashine ingezimika kama mshumaa na diskini kusingekuwa na kitu, hata herufi moja. Lakini wosia upo, mrefu kuliko msahafu, na nakala yake iko kwenye mashine ile pale pembeni. Kufa ilikufa, ila ilikufa na umeme wake, ikiwa na fahamu zake.

Shangazi alifikiri. Ndipo rangi ikaanza kumrudia, na pamoja na rangi, mdomo. Akataka kujua, kama ni hivyo, hicho kifaa chake alichotaka kukichomeka ni kipi. Akainua dekio, akaligeuza juu chini, akatafuta kwenye mpini. “Hebu nionyeshe wewe msomi. Hili linachomekwa wapi?”

“Usisaini,” Mpasuaji alisema.

Alipokwisha kulitamka aliliona neno lenyewe lilivyo jepesi mdomoni mwake. Akikosea yeye, atakuwa ameshindwa kwenye ubishi. Lakini Shangazi atakuwa hana kazi. Na Shangazi naye aliliona hilo, kwa sababu aliikunja barua, akaitia mfukoni, akasema mzigo sasa wameubeba wawili, ila upande wake yeye ndio wenye chakula cha wajukuu.

Kuthibitisha kwamba si waya hakukutosha. Aliyeangushiwa jumba bovu hatoki kwa kusema si langu. Inabidi amwonyeshe mwenye jumba. Kwa hiyo Mpasuaji alifunga mlango, akawasha feni, akaifungua maiti.

Kufungua kwenyewe kulianza kwa kugoma. Programu ya uchunguzi hudai kwanza ramani ya kiini, kamusi inayotaja kila kitu kilipokuwa, na ramani hiyo lazima iwe ya toleo lile lile la kiini kilichokufa. Mpasuaji alikuwa nayo, aliitunza mwenyewe. Programu ikaikataa: ramani na maiti haviendani. Alirudia, akidhani amekosea kuandika. Ikakataa tena. Ilimchukua muda kuelewa anachoambiwa, kwa kuwa lilikuwa jambo la aibu. Mtu alikuwa amebadilisha kiini cha mashine kuu bila kumwambia. Ni kama daktari kugundua mezani kwamba mgonjwa wake aliwekewa moyo mwingine mwishoni mwa wiki, na muuguzi aliyekuwa zamu hakuona haja ya kumsumbua.

Aliuma meno, akatafuta ramani ya toleo hilo jipya, akaipakua, akaanza upya. Safari hii mlango ulifunguka.

Aliandika sys, na programu ikamwambia marehemu alikuwa nani, alikuwa macho kwa muda gani na alianguka saa ngapi. Aliandika log, ikamwonyesha maneno ya mwisho: kiini kilikuwa kimetumwa kwenye anwani ambayo haipo. Hakuna mstari uliozungumzia umeme. Aliandika bt. Hii ndiyo amri aipendayo, maana huonyesha nani alimwita nani mpaka mauti. Wenye haraka husoma mstari wa juu tu, aliyefia hapo, wakamtangaza kuwa muuaji. Yeye husoma kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayefuatilia watoto waliotumana dukani: huyu katumwa na yule, yule kaitwa na huyu, mpaka anamfikia aliyekuwa na fedha mkononi. Chini kabisa mtu alikuwa anaingia kwenye mfumo kwa jina na nywila, jambo la kila siku. Katikati kila mmoja alikuwa amefanya kazi yake. Juu kabisa walikuwa wamepokelewa na mgeni aitwaye jicho.

Hakumjua. Aliandika mod, inayoorodhesha vipande vyote vilivyopandikizwa ndani ya kiini, na jicho akawa pale, wa mwisho, akiwa na alama ya mgeni asiye na barua ya utambulisho. Kazi yake haikuwa ngumu kuikisia. Kila mtumishi anapoingia kwenye mfumo, jicho huandika jina na saa kwenye jedwali lake, na akitoka nafasi yake huachwa wazi. Jedwali lilikuwa na nafasi mia mbili. Aliyelitengeneza hakuwa amejisumbua kuuliza itakuwaje akija wa mia mbili na moja.

Akaandika rd, amri ya kutazama kumbukumbu ghafi, herufi kwa herufi, akaiomba imwonyeshe kilichokuwa kimekaa mara baada ya jedwali kuisha. Pale palitakiwa kuwa na anwani, tarakimu tupu, njia ambayo kiini kingefuata kwenda kwenye kazi inayofuata. Palikuwa na maneno. Mamlaka huwapa watumishi majina ya kuingilia kwa vyeo vyao, kwa hiyo hayakuhitaji mkalimani. Yalisomeka: mkuu.tehama.

Mpasuaji alicheka, kicheko kimoja kikavu kama kikohozi.

Mamlaka ina watumishi zaidi ya mia mbili, lakini haijawahi kutokea wote wakawa kwenye viti vyao kwa wakati mmoja. Kuna wa saa mbili, kuna wa saa nne, kuna wanaokuja kusalimia. Uchelewaji ndio uliokuwa unailinda mashine. Jumatano ile ilikuwa siku ya uhakiki wa watumishi, na amri ilitoka kwamba asiyeingia kwenye mfumo kabla ya saa mbili asubuhi hatahesabiwa. Kwa mara ya kwanza katika historia ya taasisi, watu waliwahi kazini. Mkuu aliingia wa mwisho, kama itifaki inavyotaka, na jina lake likakosa pa kukaa, likakaa njiani.

Kisha hasira ikamrudia, safari hii ikiwa na anwani.

Ijumaa alipanda ghorofa ya tatu. Mkuu alimkaribisha kiti, akamwita Dada, akamsikiliza huku akipanga kalamu zake kwa urefu. Hakukana. Jicho lilikuwa siri ya menejimenti, alieleza, limenunuliwa ili kujua nani anachelewa, na mwenye kuliuza ndiye aliyetaka kiini kibadilishwe. Ilifanyika Jumapili ili watu wasisumbuke. Alimshukuru kwa bidii yake. Alimwomba afute lile faili, maana linakula nafasi ya diski, na aandike ripoti ya ukurasa mmoja itakayotaja umeme.

Mpasuaji alimwomba kitu kimoja: aruhusiwe kuling'oa jicho leo. Akaambiwa hakuna kugusa mfumo mpaka Kamati imalize. Akasema basi itaanguka tena, siku yoyote watakayoingia wote, na mji utakosa maji.

Mkuu aliweka kalamu chini. “Dada, hapo unaitishia Mamlaka au unaishauri?”

“Naisomea wosia.”

“Wewe ni mtaalamu mzuri,” Mkuu alisema, na alimaanisha. “Lakini tuelewane. Kazi ya mtaalamu ni kuutafuta ukweli. Kazi ya uongozi ni kuuchagua.”

Alishuka ngazi akiwa ameshika kishikio kwa nguvu mpaka kiganja kikanuka chuma. Hakufuta faili. Hakuandika ukurasa. Alimwandikia Mkuu mistari minne ya kumwonya, akatuma nakala Utumishi, ambako iliwekwa pamoja na nakala nyingine. Jumatatu alimkuta Shangazi anapangusa ngazi, akaanza kumweleza habari za jedwali. Shangazi alimkatiza, akamwambia hayo ya majedwali atayaeleza kesho mbele ya wakubwa. Yeye anataka kujua jambo moja tu, kama bado asisaini, kwa sababu barua iko mfukoni na Utumishi wanamwita kila wakipita.

Mpasuaji alisema bado asisaini. Usiku huo hakula vizuri, na sufuria zilisuguliwa.

Kamati ilikuwa na wajumbe watano, maji ya chupa na karani aliyeandika kila kitu moja kwa moja kwenye mfumo ili kuonyesha mfano. Mwenyekiti alikuwa mama makini wa Utumishi, mtu asiyependa kuonea mtu na asiyependa kuchelewa chakula cha mchana. Shangazi alivaa gauni la kutokea na akaketi upande wa pili wa meza peke yake. Mkuu alisoma tangazo la redioni, kwa kuwa ndilo lililokuwa ripoti. Shangazi akaomba kuuliza kuhusu kifaa, akaeleza kwamba chake ni dekio. Mwenyekiti akajibu kwamba neno kifaa lina tafsiri pana. Karani akaandika: mtuhumiwa amekiri kuwa na kifaa.

Ndipo akaitwa Mpasuaji. Alikuwa amejiandaa kusema taratibu, kuanzia mwanzo, na pengine angeweza.

“Shahidi,” Mwenyekiti alisema, “hilo faili lako linaonyesha nani alichomoa waya?”

“Hakuna aliyechomoa waya.”

“Swali ni kama linaonyesha.”

“Haliwezi kuonyesha kitu ambacho hakikutokea, Mama.”

“Kwa hiyo halionyeshi.”

Karani akaandika: ushahidi wa kitaalamu umeshindwa kumbaini aliyechomoa waya. Aliliandika kwa moyo safi, na alipomaliza aliangalia juu kama mtu anayesubiri sentensi inayofuata.

Mpasuaji alitazama ile sentensi kwenye kioo cha ukutani, ambako yote yaliyoandikwa yalionekana. Hakupandisha sauti, haikuwa na pa kupandia. Aliikalia mikono yake yote miwili. Alisema kuna kitu kinaitwa jicho, kiliingizwa ndani ya kiini siku ya Jumapili bila idhini, kinaandika kila anayeingia na saa aliyoingia, na kina nafasi mia mbili. Alisema mashine haikuzimika, ilisongwa. Kisha akageuka.

“Wa mia mbili na moja ulikuwa wewe, Mkuu. Jina lako ndilo lililokaa palipotakiwa kuwa na njia. Huyu mama alikuwa anapangusa sakafu.”

Mjumbe wa Uhasibu alitaka kujua kama hilo jicho huandika na saa za kutoka. Mjumbe wa Ununuzi aliuliza kama linawaona na wajumbe, na kama linawaona, tangu lini. Wote watano sasa walimtazama Mkuu kwa macho ambayo dekio halikuwa limeyapata asubuhi nzima. Mkuu aliona hali inakwenda kombo, na akafanya kile ambacho mtu wa namna yake hufanya: akaamua kuonyesha mfano. Mfumo ni imara, alisema, na Kamati itaona kwa macho yake. Akatoa simu, akaanza kuandika agizo kwa watumishi wote wa ofisi zote: kila mmoja aingie kwenye mfumo sasa hivi, bila udhuru, majina ya watakaokosekana yatachukuliwa.

“Usitume,” Mpasuaji alisema. “Nilikuandikia. Mji mzima utakosa maji.”

Mwenyekiti naye alishauri labda wafanye baada ya mapumziko. Lakini kidole cha Mkuu kilikuwa kimekwisha kushuka, na juu ya meza simu za wajumbe zikaita zote kwa mkupuo. Baadhi yao, kwa utiifu wa miaka mingi, walivuta kompyuta zao na kuingia.

Walisubiri. Mkuu aliegemea kiti, akaunganisha vidole juu ya tumbo. Shangazi hakuelewa kinachosubiriwa. Alimtazama Mpasuaji, naye Mpasuaji alikuwa akitazama mezani kama mtu anayeogopa kupata anachokijua. Karani aliendelea kuandika kwamba Mkuu anathibitisha uimara wa mf. Maandishi yakasimama hapo. Kioo cha ukutani kikawa cheusi. Kutoka ghorofa ya chini simu moja ikaanza kulia, kisha ya pili, kisha zote.

Shangazi ndiye aliyesema wa kwanza. Alikuwa ameinua mikono yake yote miwili, akaiweka juu ya meza katikati ya chupa za maji, viganja juu, vikiwa na ngozi nyeupe ya sabuni.

“Wakubwa zangu,” alisema, “yangu hii hapa. Tafuteni mingine.”

Kikao kiliahirishwa. Mwenendo wa shauri haukupatikana, kwa kuwa karani alikuwa ameuandika kwenye mfumo na hakuwa ameuhifadhi, na bila mwenendo hapawezi kuwa na hukumu. Utumishi ikaamua kwamba shauri litaitishwa tena kwa tarehe itakayotangazwa. Tarehe hiyo haijatangazwa. Pendekezo la kufukuzwa halikutekelezwa wala halikufutwa, na kwa sababu sakafu hazingoji, Shangazi alirudi kwenye ghorofa ya kwanza siku iliyofuata, akiwa na barua isiyosainiwa mfukoni na jalada lake likiwa wazi. Huko mtaani alirudishiwa nafasi yake kwenye bomba, baada ya kuieleza foleni jambo lile kwa kirefu, mtu mmoja mmoja.

Mpasuaji alipata onyo kwa kutofuta faili alipoagizwa. Jicho aliling'oa mwenyewe jioni ile ile bila kumwomba mtu ruhusa, kwa amri moja na hasira iliyobaki. Mkuu yuko kwenye kiti chake. Maji yalirudi usiku. Mama mkwe, aliposimuliwa, aliuliza kama sasa sufuria zitapumzika, akajibiwa kwamba bado.

Tangazo la pili lilisomwa redioni kesho yake. Mamlaka iliutangazia umma kwamba, kwa masikitiko, waya wa mtambo mkuu ulikuwa umechomolewa kwa mara ya pili, na kwamba uchunguzi wa kina unaendelea ili kumbaini mhusika. Tangazo lilieleza kuwa wajumbe wote wa Kamati walishuka wenyewe hadi chumba cha mitambo kukagua. Hilo ni kweli, walishuka. Walikuta mlango umefungwa na kupigwa lakiri, ile waliyoipiga wao wenyewe tangu Alhamisi ya wiki iliyopita ili ushahidi usichezewe, saini zao tano zikiwa mahali pake na karatasi haijachanika.